Upande wa Kushoto wa Uso

Kati ya wote waliomfahamu fundi umeme aliyeitwa Fyuzi, hakuna aliyemdhania kuwa mwongo. Hasira alikuwa nazo, na ndiko lilikotoka jina lenyewe: ukimgusa vibaya anakatika, nyumba nzima inabaki gizani. Lakini alikuwa mtu wa kunyoosha maneno. Akikuambia nyaya zako zimeoza, basi zimeoza. Akisema kesho, ni kesho kweli. Kwa hiyo aliposema kwamba mbwa alimkatizia barabarani, watu walimwamini, na mbwa yule akaingia katika ukoo kama mkwe mbaya: hapendwi, wala hasahauliki.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na mbwa.

Siku ile alikuwa kwenye gari lake la kazi, amempakia mdogo wake wa kike, mchoraji, pamoja na turubai zake. Dada huyu aliitwa Njiti. Jina alipewa na Fyuzi mwenyewe walipokuwa watoto, kwa wembamba wake, na kwa sababu kila alipoingia lazima kitu kiwake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Turubai zikaanza kugongana huko nyuma, Njiti akageuka kuzishika. Hapohapo simu ikaita. Aliyepiga alikuwa mteja mlalamishi, na Fyuzi, kama kawaida yake, akakatika. Simu kaibana kwa bega, mkono mmoja uko hewani unagombana na mtu asiyeonekana. Kona ilipofika, mwenye gari hakuwepo. Gari likaacha lami likaenda kuukumbatia ukuta wa mawe, kwa upande wa abiria.

Fyuzi alitoka na mchubuko wa goti. Njiti alitolewa akiwa hana upande wa kushoto wa uso, au ndivyo alivyoona kaka yake aliyepiga magoti kwenye tope akimshika kichwa. Mfupa wa shavu ulikuwa umevunjika, jicho limeshuka, na jeraha limeteremka kutoka kwenye unyusi hadi pembeni mwa mdomo.

Wa kwanza kuuliza imekuwaje alikuwa mpita njia. Fyuzi akasema, mbwa. Hakulipanga neno lile. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi. Askari wa barabarani alipouliza mbwa wa rangi gani, akasema kahawia. Mama yao alipouliza, mkubwa au mdogo, akasema wa wastani, mwenye ncha nyeupe mkiani. Ncha ile nyeupe ndiyo iliyomfunga kabisa, maana mtu anaweza kumtilia shaka mbwa wa kahawia, lakini mbwa mwenye ncha nyeupe mkiani hana budi kuwa wa kweli. Tangu hapo Mama akawa kila akikutana na mbwa njiani anasimama kwanza, anamtazama mkia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fyuzi haikuwa fupi. Ilikuwa inazunguka tu, na kila siku ilimrudisha palepale.

Hospitalini alikuwa akienda, si kwamba hakwenda. Lakini alikaa kiti cha upande wa kulia. Kuna siku muuguzi alimhamishia kiti upande wa pili, akimhurumia kwa upepo wa dirishani, na yeye akamshukuru vizuri, akangoja ageuke, akakirudisha kilipokuwa. Kutoka kulia, Njiti alikuwa ni yuleyule: pua ya Mama, sikio dogo lenye hereni ya duara, mdomo wa mtu anayejizuia kucheka. Fyuzi akazungumza na upande ule, akautania, akaumenyea machungwa. Upande wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji, na hata bandeji zilipotoka yeye hakuwa mtu wa kuuona.

Njiti aliporudi kwake, ziara zikapungua, kisha zikakatika. Fyuzi akawa mtu wa kutuma vitu: leo feni, kesho redio, keshokutwa mafuta ya kupaka kovu aliyosikia yanasifiwa. Vyote vilipita kwa Mama. Akiulizwa mbona haendi mwenyewe, alikuwa na kazi. Mwenye hatia hakosi kazi.

Na kazi ndiyo iliyompeleka.

Fundi mwenzake alimpasia kibarua cha kufunga taa kwenye ukumbi wa sanaa, jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la karatasi. Mama alikuwa ameshamwambia kwamba Njiti ana maonyesho ya picha zake, lakini Fyuzi hakuuliza ni wapi, maana angekujua angepaswa kwenda. Alishusha ngazi yake garini, akalibeba begi la vifaa, na alipoinua macho akakutana na bango mlangoni, jina la mdogo wake limeandikwa kwa herufi ndefu kuliko yeye mwenyewe. Angeweza kugeuza gari. Alisimama pale, ngazi begani, kama mtu aliyesahau amefuata nini. Kisha mlango ukafunguka, na mwanamke mrefu wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, akamwambia, "Karibu fundi, tulikuwa tunakungoja wewe."

Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemlaza mtoto chumba cha pili. Alimweleza Fyuzi kazi kwa ufasaha: rangi ya mafuta inang'aa, taa ikikaa vibaya mtazamaji haoni picha, anaona mng'ao tu kama anaangalia bati. Kwa hiyo fundi atapanda, yeye atasimama chini mahali pa mtazamaji, na watakuwa wanasogeza taa mojamoja mpaka mng'ao uondoke. Wakaanza. Kulia kidogo. Rudisha. Inamisha. Hapo. Asubuhi ikapita hivyo, na Fyuzi akajitahidi kutazama taa, skrubu na waya, na si kitu kingine. Picha zilikuwa ni meza, madirisha, masufuria, vyote vimekatwakatwa na kupangwa upya kwa pembepembe. Hizo aliweza kuzivumilia.

Ukuta wa mwisho ulikuwa na picha moja tu, imefunikwa shuka. Msimamizi akaivua shuka taratibu kama anayemvua mtu koti.

"Hii ndiyo tumeijengea maonyesho yote," akasema. "Amejichora mwenyewe. Ameiita *Mimi*."

Fyuzi alikuwa katikati ya ngazi. Akashuka bila kujua kwamba anashuka.

Ulikuwa uso, hilo halikuwa na ubishi, lakini uso uliofunguliwa kama sanduku. Pua ilionekana kwa ubavu, ilhali macho yote mawili yalikuwa yanakutazama wewe uliye mbele. Jicho moja lilikuwa juu, jingine chini. Shavu lilikuwa ni vibapa vinne au vitano, cha majivu, cha samawati iliyofifia, cha rangi ya udongo mkavu, kila kimoja kimekutana na mwenzake kwa ncha. Sikio lilikuwa limehama, limekwenda kukaa karibu na paji la uso. Mdomo ulipasuliwa na mstari ulioshuka kutoka juu, na nusu moja ya mdomo ilikuwa imefumba, nusu nyingine inataka kusema.

Jambo la kwanza lililomjia Fyuzi lilikuwa ni hili: haya nimeyafanya mimi.

Simu ya ofisini ikalia, msimamizi akaomba radhi akaenda kuipokea. Fyuzi akabaki na picha. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya ukuta wa mawe hakuwa na upande wa kukaa. Kulia na kushoto vilikuwa vimewekwa pamoja, kimoja juu ya kingine, na alipojaribu kulitazama sikio lenye hereni, jicho lililoshuka likawa nalo limo humohumo. Akasogea. Kwa karibu rangi haikuwa bapa kama alivyodhani. Ilikuwa na matuta. Mahali pengine ilipakwa nzito kwa kisu mpaka ukingo wake ungeweza kukukwaruza kidole, mahali pengine ilifutwa kwa kitambaa mpaka nyuzi za turubai zikaonekana. Katika nyufa kati ya bapa na bapa kulikuwa na rangi nyingine chini, nyekundu iliyoiva, kama kaa lililofunikwa jivu. Harufu ya mafuta ilikuwa bado ipo. Alikuwa anautafuta mkono wake mle, kama mtu anayetafuta alama za vidole vyake mahali palipoibwa. Ile samawati ni rangi ya gari lake? Ule mstari ni kioo? Yale majivu ni ukuta?

Ndipo akaona chini, karibu na taya, umbo la kahawia. Lilikuwa refu, limelala mshazari kama kitu kinachokimbia. Na ncha yake ilikuwa nyeupe.

Koleo likamtoka mkononi, likalia sakafuni.

Msimamizi aliporudi alimkuta ameinama, si kuokota koleo, bali kulitazama lile umbo. Fyuzi akamuuliza ni kitu gani pale. Msimamizi akavaa miwani, akasema kwamba yeye hana desturi ya kuwaambia watu waone nini, lakini fundi anaona nini? Fyuzi akasema anaona mnyama. Msimamizi akatazama tena kwa heshima, kama anayemtafuta mnyama huyo kwa dhati, akasema huenda, ila ni vizuri amuulize mwenyewe, maana atakuja mchana huu kukagua taa.

"Ni kwa sababu ya ajali," Fyuzi akasema. "Ndiyo maana amejichora amevunjika hivi."

Msimamizi akamgeukia. Akamwambia hapana, mchoraji huyu amechora hivi tangu chuoni, miaka mingi kabla ya ajali yoyote. Mtindo wenyewe unaitwa kubizimu, na hauna uhusiano na kuvunjika. Mchoraji anakizunguka kitu, anakiona mbele, ubavuni, juu, kisha anaviweka vyote pamoja mahali pamoja. Fundi hajawahi kuona kazi zake za zamani?

Fyuzi alikuwa ameziona. Alikuwa nayo moja sebuleni kwake, zawadi ya harusi, picha ya mbuzi, na ilikaa ukutani kichwa chini miguu juu tangu harusi mpaka mtoto wake wa kwanza alipoanza kutembea, hadi Njiti alipokuja siku moja, akacheka mpaka akakaa chini, akaigeuza. Fyuzi alicheka pia. Hakumwambia kwamba hata baada ya kugeuzwa, yeye hakumwona huyo mbuzi.

"Ni mdogo wangu," akamwambia msimamizi. "Wa tumbo moja."

Msimamizi akavua miwani yake. Hakuuliza ilikuwaje kaka wa tumbo moja asijue picha za dada yake. Alisema tu kwamba atakwenda kutafuta tepu ya kuzibia waya pale chini, na akaenda.

Njiti alifika Fyuzi akiwa ameshapanda tena, kwa kuwa ngazini ndipo mahali pekee alipojua la kufanya na mikono yake. Alisikia hatua, akazitambua kabla hajageuka. Njiti alikuwa amevaa fulana yenye madoa ya rangi, na mfuko wa kitambaa begani. Alisimama katikati ya ukumbi akatazama juu.

"Kumbe fundi ni wewe," akasema.

"Ndiyo mimi."

"Mama anajua uko huku?"

"Hata mimi sikujua niko huku."

Njiti akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Nusu nyingine ilichelewa kidogo, kisha ikafuata. Kutoka juu ya ngazi hakuna kulia wala kushoto. Uso wote ulikuwa umeinuliwa kwake, kovu na hereni, jicho la juu na jicho la chini, na Fyuzi hakuwa na pa kukimbilia ila dari. Akaikazia macho taa.

Wakafanya kazi. Njiti alikuwa mgumu kuliko msimamizi. Alitaka mwanga uje kwa ubavu, upite juu ya rangi kama upepo juu ya nyasi, ili matuta yaonekane. Fyuzi akasogeza, akainamisha, na mwanga ulipopita kwa ubavu, lile umbo la kahawia likainuka kutoka kwenye turubai kana kwamba litaruka. Mikono ya Fyuzi ikatulia juu ya taa.

"Pale chini," akasema. "Karibu na taya. Umemchora mbwa?"

Njiti akasogea akatazama, akageuka kumtazama yeye, kisha akacheka, kile kicheko chake cha zamani cha siku ya mbuzi.

"Mbwa wapi, kaka? Hiyo ni brashi. Nilikuwa nimeishika, ina rangi nyeupe kwenye ncha. Nilijichora nikiwa najichora. Ona, kidole gumba changu hiki hapa."

Na kweli. Akishaonyeshwa, kidole gumba kilikuwa wazi kabisa, na ukucha wake, na kiganja nyuma yake. Hapakuwa na mbwa. Hapakuwahi kuwa na mbwa popote.

Mtu mwingine angeshusha pumzi, akakaza skrubu yake ya mwisho, akaenda zake. Fyuzi mwenyewe alilifikiria hilo, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kushuka. Alipofika chini akasema kwamba alidhani picha yote ni habari ya ile ajali. Kwamba alikuwa anaitazama tangu ilipovuliwa shuka akijua kuwa ni yeye aliyeufanya uso ule kuwa vile, na anaomba radhi kwa uso ule.

Njiti aliacha kucheka. "Uso upi? Huu? Huu nimeuchora mimi. Nimehangaika nao, nikaufuta, nikauanza upya mpaka nikauchukia. Kaka, si kila mstari hapo ni wako. Pua nimezaliwa nayo."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeomba radhi."

Fyuzi akaokota koleo, akaliweka tena.

"Njiti, hapakuwa na mbwa."

"Si nimeshakwambia ni brashi?"

"Sisemi kwenye picha. Nasema barabarani. Siku ile. Hapakuwa na mbwa yeyote. Nilikuwa kwenye simu, nagombana. Sikuiona kona."

Taa mojawapo ilisikika ikivuma. Fyuzi alingoja kofi, au tusi, au machozi; alikuwa amejiandaa kwa yote matatu tangu siku nyingi, na kila moja alikuwa amelitafutia jibu. Njiti hakutoa hata moja. Alikaa kwenye benchi la watazamaji, mfuko wake mapajani, akiwa kama anayetafuta kitu kichwani mwake mahali alipokiweka na hakikuti.

"Mimi nilikuwa nampenda yule mbwa," akasema hatimaye.

Fyuzi hakuelewa.

Njiti akamweleza, taratibu, bila kupandisha sauti. Pale hospitalini, walipompa kioo mara ya kwanza, alijiambia kwamba angalau kaka yake alimkwepa kiumbe. Kwamba mahali fulani kuna mbwa wa kahawia, mwenye ncha nyeupe mkiani, anakula, analala juani, anafukuza kuku wa watu, na uzima wake umelipiwa na shavu hili. Lilikuwa jambo la kijinga, alijua, hakuwahi kumwambia mtu. Mama alikuwa akimlaani mbwa, naye moyoni akimwombea. Maumivu yalipozidi alikuwa anamfikiria yule mbwa mpaka yanapoa.

"Sasa nifikirie nini?" akauliza. "Simu?"

Fyuzi alikuwa amedhani kwamba ukweli ni mzigo, ukiutua unabaki chini. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna wakati ukiutua, unautua juu ya mwenzako. Alisimama mbele ya mdogo wake mikono ikining'inia, na yale majibu yote aliyojiandalia hayakuwa na swali lake.

Akasema amsamehe. Njiti akasema asubiri kwanza, asimharakishe. Kisha akasema jambo ambalo Fyuzi alikuja kulikumbuka kuliko mengine yote. Alisema kuendesha vibaya anakuelewa, kila mtu siku moja anaendesha vibaya. Hata uongo anauelewa, mtu aliyepiga magoti kwenye tope husema chochote.

"Lakini ulikuwa unakaa kulia," akasema. "Ulidhani sioni? Muuguzi alikuhamisha, ukarudi. Nilikuwa nimefumba macho tu, sikuwa nimelala. Halafu ukaacha kuja kabisa, ukaniletea feni. Leo umeitazama turubai muda wote huu. Mimi mwenyewe umenitazama lini?"

Fyuzi akamtazama. Kovu lilikuwa jembamba kuliko alivyokuwa akiliona usingizini, na lilikuwa na rangi ya waridi kidogo karibu na mdomo. Jicho la kushoto lilikuwa limeshuka, lakini lilikuwa jicho la Njiti, lenye hasira za Njiti, na lilikuwa limejaa maji bila kumwaga. Alimtazama mpaka Njiti mwenyewe akageuka pembeni.

"Basi," Njiti akasema. "Maliza taa. Umeshaanza."

Akatoka kwenda uani. Msimamizi alirudi na tepu, akakuta fundi yuko juu ya ngazi anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa, machozi yanamdondoka shatini, na kwa busara zake akasema tu kwamba mwanga sasa umekaa vizuri.

Kutoka pale Fyuzi hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama, kabla moyo haujabadilika. Mama alikuwa anakunja nguo sebuleni. Aliambiwa yote, na wakati wote anaambiwa aliendelea kukunja, mpaka nguo zikaisha, akaikunjua shuka aliyokwisha kuikunja akaianza upya.

"Kwa hiyo nimewalaani mbwa wa watu bure," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe, nilikuwa nikikuombea dua. Kila siku. Nasema mwanangu ana moyo mwepesi, kashindwa kumkanyaga mnyama." Akaibana shuka kwa kidevu. "Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako."

"Hapo tu ndipo ulipofanya sawa," Mama akasema, na hakumwambia akae ale, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtoto wake yeyote, hata siku walipomvunjia kabati la vyombo. Fyuzi akajifungulia mlango mwenyewe.

Maonyesho yalifunguliwa bila yeye. Alisikia kwa mkewe, ambaye alikwenda na Mama, kwamba watu walijazana mbele ya ile picha, na kwamba taa zilisifiwa. Mkewe alimwambia pia, bila kuulizwa, kwamba Mama alikaa kwenye benchi mbele ya picha muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti pua ile kaitoa wapi kama si kwake, na watu wakacheka, na Njiti naye. Fyuzi alilisikiliza hilo akiwa anavua viatu. Alikuwa ameacha kupokea simu akiwa garini, hata ikilia mpaka ichoke, lakini hilo halikumrudishia mtu yeyote kitu chochote, naye alilijua.

Njiti hakumpigia. Wiki zikapita, mwezi ukaingia mwezi. Fyuzi alikwenda kwake mara mbili, akabisha hodi, akajibiwa kwa ndani kwamba leo hapana. Hakuacha kitu mlangoni. Alikuwa ameelewa habari ya feni.

Kisha siku moja asubuhi Mama alimpa taarifa, kwa sauti kavu ambayo ndiyo aliyozungumza naye siku hizi, kwamba mdogo wake anahitaji mwanga kwenye chumba chake cha kazi, jicho la kushoto linachoka mapema, na amesema aje yeye, asitume fundi mwingine.

Chumba kile kilikuwa kidogo, kina dirisha moja, makopo ya brashi, na turubai zimeegeshwa ukutani zikionyesha migongo. Njiti alimpokea kwa salamu ya kawaida. Alimwonyesha anapotaka taa na anapotaka swichi, na wakabishana kidogo juu ya swichi, kwa kuwa Fyuzi aliitaka juu kama swichi za watu wote na Njiti aliitaka chini, aweze kuifikia akiwa amekaa. Fyuzi akatoboa ukuta, akapitisha waya. Njiti alikuwa anachanganya rangi kwenye kibao kwa kisu, mgongo kamgeuzia.

"Nieleze ilivyokuwa," akasema. "Yote. Tangu tulipotoka kwa Mama."

Fyuzi akaacha vifaa, akaeleza. Alieleza mvua, turubai zilivyogongana, simu ilivyoita, alivyoibana kwa bega. Alieleza mkono uliokuwa hewani. Hakuongeza na hakupunguza, na ilikuwa fupi ajabu. Habari aliyoibeba muda wote ule iliisha kabla rangi haijachanganyika.

"Alikuwa nani kwenye simu?"

"Mteja. Alitaka nikamfungie hita ya maji. Alisema nimemchelewesha."

"Ukaenda kumfungia?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana, na Fyuzi aliuona. Angeweza kusema hakwenda. Hakuna ambaye angejua.

"Nilikwenda," akasema.

"Lini?"

"Siku uliyofanyiwa upasuaji. Sikuweza kukaa pale nje ya kile chumba. Nikaenda kufunga hita."

Kisu cha Njiti kikasimama kwenye kibao. Akakiweka chini, akafuta vidole kwa kitambaa kimojakimoja, akatoka. Fyuzi akasikia bomba la nje likifunguliwa, maji yakimwagika kwenye zege kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa mikono. Hakumfuata. Alikaa sakafuni, vumbi la ukuta likiwa limemjaa kwenye nywele, akasikiliza maji.

Njiti aliporudi uso wote ulikuwa umelowa. Alisimama mlangoni akaitazama alama ya penseli ukutani.

"Shusha kidogo hiyo swichi," akasema. "Bado iko juu."

Fyuzi akachukua penseli, akashusha.